Jinsi ya Kununua Gari la Mbio Lililowahi Kuzama, Bila Kuzama Nalo

Ukishaipita Bunju na kuvuka Mto Mpiji, jiji la Dar es Salaam linakuachia na barabara ya Bagamoyo inanyooka: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, na upepo wa bahari unaopenya dirishani na chumvi yake. Jumamosi jioni Subaru Impreza husikika hapa kabla haijaonekana, na kila kijana aliye kituoni hugeuza shingo. Ugonjwa huanzia shingoni. Ukiuacha unashuka moyoni, na ukishafika mfukoni hauna dawa.

Kulipenda gari la mbio si kosa. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE, Mark X ya V6, Mazda RX-8 inayokwenda bila pistoni hata moja, Impreza ya WRX na tabo lake: hizi ni kazi za wahandisi walioujua utamu wa mwendo, na anayezitamani anajua kizuri. Matata huanza na tangazo linalozunguka kwenye simu. Gari lile lile, rangi ile ile, rimu zinang'aa, bei iko chini mno kuliko ya wenzake, na pembeni pameandikwa: "haina mawazo kabisa". Halina mawazo kwa sababu yote yamebaki kwa anayeliuza.

Moja ya sababu za bei ya namna hiyo ni maji. Ninachosimamia katika mwongozo huu ni kimoja: gari lililozama linaweza kununuliwa, lakini lisinunuliwe kwa siri. Anayejua anachokinunua anafanya biashara. Aliyefichwa anapandishwa kwenye hatari, yeye na wote atakaowapakia. Kwa hiyo funga mkoba, tuanze.

Hatua ya kwanza: Jua lilizama kwenye maji yapi

Magari yetu mengi hutoka Japani, na Japani ni nchi ya maji yenye hasira. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliyasomba magari kwenye pwani ya kaskazini-mashariki. Julai 2018 mvua kubwa ziliizamisha miji ya magharibi, na eneo la Mabi huko Okayama likawa ziwa. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilipita, na huko Nagano hata treni za shinkansen zilikutwa zimesimama ndani ya maji. Kwa yanayotoka upande wa Ghuba, tarehe 16 Aprili 2024 mvua ya siku moja ilizigeuza barabara za Dubai kuwa mito, na magari ya kila bei yakaachwa yakielea.

Usimalizie hesabu yako ng'ambo. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilifurika hapa hapa Dar es Salaam, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, jirani na barabara hii tunayoizungumzia. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja, mabasi yakiwa ndani. Kisha zikaja mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi masika ya 2024. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Maji yaliyokosa huruma kwa binadamu hayakuyasamehe magari yaliyokuwa yameegeshwa kando ya Msimbazi, Tegeta au Mpiji.

Na ipo bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu huweza kupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Anayeegesha ufukweni maji ya bamvua yakiwa yamepwa, akaagiza samaki na kusahau saa, huweza kuwakuta ngisi wakifanya ukaguzi wa injini. Gari hilo likivutwa likakaushwa, halitakuwa na rekodi popote duniani. Litakuwa na chumvi tu.

Ndiyo maana kila gari la namna hii liulizwe maswali matatu kabla ya bei. Maji gani? Yalifika wapi? Yalikaa muda gani?

Maji ya mvua yaliyoingia hadi kapeti na kutolewa siku hiyo hiyo ni jambo moja. Maji ya bahari yaliyofika kwenye dashibodi na kulala humo ni jambo jingine kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji yenyewe hukauka, chumvi hubaki kwenye viungo vya nyaya, ndani ya beringi na chini ya rangi, ikiuvuta unyevu wa hewa kila siku. Katika hewa ya Bagamoyo unyevu haukosekani, kwa hiyo kutu huendelea kufanya kazi zamu zote mbili, mchana na usiku. Muuzaji akikutajia maji ya bahari na wewe ulitaka gari la kuendesha, mshukuru kwa ukweli wake, mpe mkono, uondoke.

Hatua ya pili: Soma karatasi kabla hujasoma bodi

Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye daraja la gari, kilomita zake na mchoro wa makovu yake. Wajapani wana neno rasmi la gari lililozama, kansui, na taasisi yao ya uthaminishaji wa magari hulihesabu hivyo gari lililoingiwa na maji kuvuka sakafu ya ndani. Karatasi hiyo hutafutwa kwa namba ya chesisi. Itafute mwenyewe. Picha uliyotumiwa na muuzaji kwenye simu ni barua ya utambulisho aliyojiandikia mwenyewe.

Sasa ushike ukweli huu, kwa sababu wengi hukwama hapa: karatasi safi ya Japani inaeleza maisha ya gari hadi siku ya mnada tu. Gari lililonunuliwa safi Nagoya mwaka 2014 likazama Jangwani mwaka 2018 litakuwa na karatasi safi milele. Hali ni hiyo hiyo kwa ukaguzi wa Shirika la Viwango, TBS, kwa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Ni ukaguzi wa hali ya gari wakati huo, haulindi yatakayotokea baadaye.

Kwa miaka ya Tanzania, tafuta watu. Kadi ya gari itakuonesha limesajiliwa lini na kwa jina la nani. Ongea na mwenye jina hilo. Muulize alikuwa akiishi wapi, gari lililala wapi wakati wa masika, na lilihudumiwa gereji gani. Kisha nenda kwa fundi wa gereji hiyo. Fundi aliyewahi kumwaga tope kutoka kwenye gari halisahau gari hilo, na mara nyingi ana hamu ya kusimulia.

Hatua ya tatu: Nenda mchana, na ufike kabla hujatarajiwa

Usikague gari jioni chini ya taa za baa. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa tangu usiku. Fungua mlango na uvute pumzi kabla hujasalimia. Harufu ya ukungu hutangulia. Ukikutana na manukato matatu kwa mpigo, moja la kioo, moja la siti na moja la kupuliza, waombe wenyeji wakuache ndani ya gari dakika kumi, milango ikiwa imefungwa. Manukato huchoka, ukungu haujui kuchoka. Kisha washa feni ya AC kwa nguvu zote na unuse tena, kwa kuwa uvundo hujificha kwenye njia zake.

Sasa kazi ya mikono. Uvute mkanda wa siti hadi mwisho wake kabisa. Sehemu ambayo haijawahi kutoka nje huwa haijawahi kuoshwa vizuri, na mstari wa tope ukiwepo utausoma hapo. Nyanyua kapeti ushike sponji iliyo chini yake. Kapeti mpya ndani ya gari lenye siti kuukuu si zawadi, ina kisa chake. Angalia boliti zinazoshika siti kwenye sakafu: kutu, au kichwa kilichochubuliwa na spana, vinakuambia siti zilishatolewa. Chungulia reli za siti kwa tochi. Nenda kwenye buti, toa tairi ya akiba, upitishe kidole chini ya shimo lake. Mchanga na tope hupenda kukaa humo kwa sababu muosha magari hapendi kufika.

Angalia taa za mbele kwa ndani. Mstari mwembamba wa uchafu ni alama ya kimo ambacho maji yalifikia. Taa moja mpya na moja ya zamani inaweza kuwa ni ajali, taa zote mbili mpya kwenye gari la miaka 15 ni swali. Chini ya boneti, tafuta unga mweupe kwenye sehemu za aluminiamu, hasa alternata. Aluminiamu iliyoliwa na chumvi hutoa unga huo. Fungua boksi la fyuzi, utazame miguu ya fyuzi na viungo vya nyaya: rangi ya kijani kwenye shaba ni kutu ya shaba.

Kwenye gari la mbio, ukaguzi huu una uzito zaidi kuliko kwenye Noah au Land Cruiser. Gari la mbio hukaa chini ili lishike barabara, na kwa hiyo maji ya kimo cha goti, ambayo Land Cruiser huyapita ikiendelea na safari, hulikuta likiwa limeshayanywa. Waliolibadilisha chujio la hewa wakaliteremsha nyuma ya bampa ili injini ipate hewa ya baridi wamelisogezea gari mdomo karibu na dimbwi.

Hatua ya nne: Pima umeme, maana maji hupenda kompyuta

Wauzaji wengi hukuonesha injini. Wewe omba kuoneshwa umeme. Kwenye Impreza nyingi za miaka ya 1990 na 2000, kontroo boksi ya injini hukaa miguuni pa abiria wa mbele, chini ya kapeti. Maji hayahitaji kufika kwenye kiti ili kuizamisha, kisigino kinatosha. Katika magari mengi, boksi linaloamua mifuko ya hewa ifumuke lini hufungwa sakafuni katikati, chini ya kiweko cha gia. Nalo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kulowa.

Kasoro ya umeme iliyosababishwa na maji ina tabia moja mbaya: haina haraka. Maji hunyonywa ndani ya uzi wa waya, chini ya plastiki yake, yakasafiri mbali na pale yalipoingilia. Mkondo wa betri ukipita kwenye kiungo kilicholowa, chuma huliwa taratibu. Gari linaweza kuwaka vizuri siku ya malipo, likawaka vizuri wiki nzima, halafu vioo vikaanza kushuka vyenyewe na dashibodi ikawaka taa zote kwa pamoja. Wiki hiyo namba ya dalali huwa haipatikani.

Kwa hiyo washa swichi bila kuwasha injini na uangalie taa za dashibodi moja moja. Taa ya eabegi, yaani ya mifuko ya hewa, na ya ABS lazima ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda balbu imetolewa ili isiseme. Gusa kila swichi: vioo vyote, kufuli zote, viti vya umeme, redio, waipa, honi, spika za milangoni. Fanya hivyo mara mbili, kabla na baada ya kuliendesha. Kisha mlete fundi umeme mwenye mashine ya kupimia, asome kila boksi, siyo la injini peke yake. Kumbukumbu iliyofutwa asubuhi hiyo pia ni jibu.

Kuna jambo la eabegi linalotuhusu watu wa pwani hata kama gari halijawahi kuliona dimbwi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifumuaji vya mifuko ya hewa vilivyotumia kemikali ya amoniamu nitreti. Joto na unyevu wa miaka mingi viliidhoofisha kemikali hiyo, na baadhi ya vifumuaji vikalipuka kwa nguvu kupita kiasi, vikirusha vipande vya chuma kwa watu vilivyopaswa kuwaokoa. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Mazda, Subaru na mengine yaliitwa kutengenezwa, na Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, uulize kama kifumuaji chake kiliitwa na kama kilibadilishwa.

Hatua ya tano: Uliza injini ilikunywa kiasi gani

Pistoni hubana hewa. Maji hayabaniki. Chukua injini ya lita 2 yenye silinda nne: kila silinda ina ujazo wa sentimita za ujazo 500. Ikiwa uwiano wake wa mbano ni 8 kwa 1, kama zilivyo injini nyingi za tabo za zamani, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni sentimita za ujazo 70 hivi. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Kikiingia kikombe hicho na zaidi ndani ya silinda moja wakati injini inazunguka, pistoni hukuta ukuta, na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, hupinda au hukatika.

Konrodi iliyopinda kidogo huweza kuendelea kufanya kazi, ndiyo maana swali la maana si kama gari lilizama tu. Uliza: lilizama likiwa linawaka au limezimwa? Kuna aliyejaribu kuliwasha likiwa bado na maji? Gari lililozama limezimwa, likavutwa, plagi zikatolewa na maji yakamwagwa kabla ya kugeuzwa ufunguo, lina nafasi. Lililopigwa stata mara kadhaa na watu wenye haraka lilikatiwa hukumu pale pale.

Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda na aziandike namba zote. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, muuzaji aeleze. Toa stiki ya oili: mafundi husema oili imekuwa maziwa, yaani imechanganyika na maji ikabadilika rangi. Usiishie hapo. Oili ya injini hubadilishwa kwa urahisi, na muuzaji mjanja ameshaibadilisha. Dai kuona oili ya giaboksi na ya difu. Navyo vina matundu ya kupumulia, navyo hunywa maji, lakini wachache hukumbuka kuvifungua.

Hatua ya sita: Lipeleke barabarani, ulilaze, ulipeleke tena

Liendeshe polepole kwenye barabara mbovu ya mtaani, redio ikiwa imezimwa, usikilize beringi za matairi. Beringi iliyoingia maji huvuma, na mvumo wake hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukiwa mahali pa wazi pasipo na watu, kanyaga breki kwa nguvu: gari lisivute upande, na ABS ifanye kazi yake. Hakuna sababu ya kuvuka mwendo unaoruhusiwa. Kilomita 50 kwa saa za kwenye makazi zinatosha kukuambia karibu kila unachohitaji, na watoto wa shule wa Kerege wanavuka hapo.

Ukirudi, usilipe. Omba gari lilale, ulione tena kesho yake asubuhi. Magonjwa mengi ya maji huonekana chuma kikishapoa na unyevu wa usiku ukishatulia kwenye nyaya. Muuzaji asiyekubali usiku mmoja anajua jambo kuhusu asubuhi.

Hatua ya saba: Mjibu dalali kwa adabu

Dalali hulipwa gari likiuzika. Hiyo ni kazi yake halali, na hupaswi kumchukia kwa kuifanya. Unapaswa tu kuwa na majibu yako.

Akisema, "Kaka, hii gari iliguswa na maji kidogo tu," mwambie: "Nioneshe kwa mkono yaliishia wapi." Mkono ukisita kati ya kapeti na usukani, umepata kipimo.

Akisema, "Ina shida ndogo ya umeme, fundi anaimaliza nusu saa," mwambie: "Basi aimalize, ndugu yangu. Nitakuja keshokutwa niipime tena." Shida ya nusu saa haishushi bei kiasi hiki.

Akisema, "Gari ya mama mmoja wa Masaki, alikuwa anaendea kanisani tu," mwambie: "Naomba nimsalimie mama kwa simu." Mama mwenye Impreza ya tabo anayokwenda nayo kanisani anastahili salamu zetu sote.

Akisema, "Kuna mteja anakuja na hela taslimu, yuko Tegeta sasa hivi," mwambie: "Mpokee vizuri, shehe wangu. Akiliacha, nipigie." Mteja huyo wa Tegeta yuko njiani miaka yote, na foleni ya Tegeta inajulikana.

Akisema, "Fundi wako wa nini, mimi mwenyewe fundi," mwambie: "Vizuri, atapata wa kumsaidia kushika tochi." Na fundi wako aje. Fundi wa kukagua alipwe na wewe, kwa mkono wako, asipate chochote kutoka upande wa pili.

Hatua ya nane: Piga hesabu ya gari zima, siyo ya bei

Chukua karatasi. Juu andika bei ya gari kama hili ambalo halijazama, la mwaka ule ule na hali ile ile. Chini yake andika kila kitu ambacho fundi amekitilia shaka: kontroo boksi, boksi la eabegi, mtandao wa nyaya, beringi, stata, alternata, kompresa ya AC, kapeti, na ufundi wa kuvifunga. Nenda nayo Kariakoo au Ilala uulize bei ya kila spea, siyo kwenye duka moja. Jumlisha. Kisha ongeza fungu la yale ambayo fundi hakuyaona, kwa sababu maji yameingia mahali ambapo tochi haifiki.

Jumla hiyo ikikaribia punguzo ulilopewa, hakuna punguzo. Ikizidi, unamlipa muuzaji akupe kazi. Gari la namna hiyo bado lina thamani kwa mtu anayelifungua kwa ajili ya spea: milango, rimu, vioo, bampa. Linunuliwe kwa bei hiyo na kwa kazi hiyo, lisirudi barabarani.

Anayeona nakaza mno azingatie jambo hili. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalipokifunika kiwanda cha Honda huko Ayutthaya, kampuni iliamua kuyaharibu magari mapya 1,055 yaliyozama, na ikafanya hivyo hadharani. Walikuwa na mafundi, spea na mashine zote za kuyatengeneza, na hawakuwa tayari kuuza hata moja.

Hatua ya tisa: Andika, saini, sajili

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina somo kubwa kwa mnunuzi wa gari. Kimya peke yake kwa kawaida hakihesabiwi kuwa udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Lakini kulificha kwa makusudi jambo unalolijua, au kusema lisilo kweli ili mwenzako akubali, ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Sheria hiyo pia haimpi ahueni kirahisi mtu aliyenyamaziwa tu, ilhali angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida.

Maana yake kwako ni hii: uliza waziwazi, upate jibu la maandishi. Tuma ujumbe: "Je, gari hili limewahi kuingia maji? Maji gani, yalifika wapi, yalikaa muda gani?" Hifadhi jibu. Kisha mkataba wa mauziano mbele ya wakili uwe na sentensi inayosema muuzaji anathibitisha gari halijawahi kuzama, au limezama kwa namna iliyoelezwa. Muuzaji mkweli atasaini bila shida. Mwingine ataanza kukumbuka mambo.

Kabla ya kumaliza malipo, angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, hakiki bima yake, na mfanye uhamisho wa umiliki TRA kwa jina lako. Ukikata bima kubwa, ieleze kampuni historia ya gari kama ilivyo, na usome kama mafuriko yamo. Ukiificha, siku ya dai utakuwa umekaa kwenye kiti cha muuzaji, ukijibu maswali yale yale uliyouliza wewe.

Hatua ya kumi: Ukishalinunua, lilinde, na ukiliuza, sema

Tuseme limepita mitihani yote: maji ya mvua, hayakuvuka kapeti, yalitoka siku ile ile, injini ilikuwa imezimwa, bei ni ya haki, na yote yameandikwa. Hongera, umenunua gari. Sasa toa siti zote na kapeti, kausha sakafu juani, badilisha oili zote na mafuta ya breki, safisha kila kiungo cha umeme kinachofikika. Likikaa Bagamoyo, lioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa kwa chini, na usiliegeshe kwenye mchanga wa ufukweni hata kwa ajili ya picha. Masika yakikolea na maji yakapita juu ya lami, kwenye Bonde la Ruvu njia ya Msata au penginepo, geuza. Maji yanayotembea huweza kulibeba gari pamoja na watu wake, na gari lililo chini hubebwa mapema.

Tunza faili: karatasi ya mnada, vipimo vya mgandamizo, risiti za spea, picha za sakafu ilivyokuwa kapeti ilipotolewa. Siku ukiliuza, mkabidhi mnunuzi faili hilo kabla hajauliza. Utauza kwa bei ndogo kuliko jirani anayenyamaza, na tofauti hiyo ni halali ya mnunuzi, kwa sababu yeye ndiye atakayekanyaga breki hizo huko Mapinga usiku wa mvua, mkewe kando yake na watoto nyuma. Ana haki ya kujua anakanyaga nini.